Santuri hailii vizuri: angalia tundu kabla ya kulaumu sindano

Bi mkubwa mmoja wa Kibokoni alimtuma mjukuu wake aje aniite nikamtazamie pleya ya marehemu mumewe. Mwanawe alikuwa amemletea amplifaya nzuri ya mtumba, akaiunganisha mwenyewe, na tangu siku hiyo kila santuri aliyoiweka ilitoa sauti ya kupasuka, kama mtu anayerarua gunia. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti.

"Mwanangu," akasema, "watu wawili washanambia sindano imekufa na santuri zimekwisha. Santuri hizi nazifuta mimi kwa mkono wangu tangu niolewe. Hazijakwisha."

Alisema kweli. Sindano ilikuwa nzima. Santuri zake, nyingi zikiwa za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika) za taarabu zenye lebo ya Mzuri iliyotolewa na Assanand & Sons hapa hapa Mombasa, zilikuwa safi kuliko zangu. Tatizo lilikuwa katriji, kile kipande kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme: yake ilikuwa ya serami, imechomekwa kwenye tundu la PHONO, mahali ambapo haikupaswa kukanyaga kabisa. Nitarudi kwake huko mbele nieleze tulivyoitibu.

Hali hii naikuta kila mara. Mtu amerithi pleya, au ameipata katika mitumba ya vyombo inayoshuka kutoka Dubai na Ulaya, anaiunga na amplifaya yoyote iliyo karibu, anasikia sauti mbaya. Ananunua sindano mpya. Sauti haibadiliki. Anabadilisha spika. Mwisho anachoka, na sanduku zima la santuri linauzwa kwa bei ya karanga. Hilo linaniuma sana, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika: katriji na tundu la amplifaya havikulingana, basi. Kwa hiyo ukisikia ubaya wowote, weka pochi kando kwanza, washa tochi ya simu, tukague pamoja.

Ijue kwanza katriji yako ni ya ukoo gani

Zima amplifaya. Inua mkono wa pleya, mulika chini yake, usome jina na namba iliyoandikwa ubavuni mwa katriji. Kama maandishi yamefutika, piga picha kwa simu uikuze. Ukishapata namba, tafuta kitu kimoja tu: inatoa milivolti ngapi. Namba hiyo moja huamua karibu kila kitu kinachofuata.

Ukoo wa kwanza, ulioenea kuliko wote, ni wa sumaku inayocheza, unaoandikwa MM. Sindano imeshikilia kijisumaku kidogo, koili (nyuzi za waya zilizozungushwa) zimetulia ndani ya mwili wa katriji. Hutoa kama milivolti 3 hadi 6. Alama yake ni kwamba kile kipande cha plastiki chenye sindano huvutika kikatoka, ukabadilisha sindano bila kubadilisha katriji. Zile za chuma kinachocheza, kama za Grado, zihesabu kuwa jamaa wa ukoo huu, maana huingia tundu lilelile.

Ukoo wa pili ni wa koili inayocheza, MC. Hapa mambo yamegeuzwa: sumaku imetulia, koili ndizo zinazocheza pamoja na sindano. Ili ziweze kucheza lazima ziwe nyepesi, na nyuzi zake ni nyembamba na za mizunguko michache, ndiyo maana sauti inayotoka ni ndogo mno. Denon DL-103, katriji ya Kijapani iliyotengenezwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK na ambayo bado inauzwa, hutoa milivolti 0.3. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi na tano ya katriji ya kawaida ya MM. Sindano ya MC kwa kawaida haitoki, usijaribu kuivuta. Na usizipime koili zake kwa mita ya omu (ya kupimia ukinzani), kwani mkondo wa mita wenyewe unaweza kuzidhuru.

Kuna MC za nguvu pia, ambazo zimezungushiwa waya mwingi zaidi. Denon DL-110 hutoa milivolti 1.6. Hizi jina ni MC lakini tundu lake ni la MM, na watu wengi wameteleza hapo kwa sababu waliamini herufi badala ya namba.

Ukoo wa mwisho ni wa serami na kristali. Hauna sumaku wala koili. Ndani mna kipande kigumu ambacho kikipindwa hutoa umeme, na hutoa mwingi: mamia ya milivolti. Huu ndio uliokuwa kwenye redio-gramofoni za wazee wetu, zile kabati za mbao zenye miguu, na ndio uliomo leo kwenye pleya za bei nafuu za sanduku, zenye sindano ndogo ya plastiki nyekundu.

Tundu la PHONO hufanya kazi gani hasa

Watu hudhani PHONO ni jina tu, kama vile AUX au TAPE. Sivyo. Santuri haichongwi kama sauti ilivyo. Sauti nzito zikichongwa kwa ukubwa wake mifereji ingekuwa mipana mno, ingegongana, na sindano ingerukaruka. Kwa hiyo kiwandani besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, kisha anayesikiliza hurudisha mambo mahali pake. Tangu mwaka 1954 kampuni za Marekani zilikubaliana kipimo kimoja kiitwacho RIAA, na dunia ikafuata. Tundu la PHONO huinua sauti ya hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) kama mara 10 ukilinganisha na sauti ya katikati ya hezi 1,000, na hushusha ile ya hezi 20,000 kwa kiasi hicho hicho. Juu ya hayo huikuza sauti nzima: tundu la MM huikuza kama mara 100, yaani desibeli 40, na la MC kama mara 1,000, yaani desibeli 60.

Ukikumbuka kazi hizo mbili, kurekebisha na kukuza, dalili nyingi zitakufungukia zenyewe.

Dalili: sauti ndogo na nyembamba, haina besi kabisa

Unasikia muziki kwa mbali, mkali, kama simu iliyoachwa kwenye glasi. Ukifungua voliyumu mpaka mwisho, ngoma hazipo. Hapa katriji ya MM imechomekwa kwenye AUX, CD au TAPE. Tundu hizo hazirekebishi wala hazikuzi vya kutosha.

Hamisha jeki ziingie PHONO. Kama amplifaya haina PHONO, na nyingi mpya hazina, nunua priamplifaya ndogo ya fono, kijisanduku kinachofanya kazi ya tundu la PHONO, uiweke katikati. Tazama pia nyuma ya pleya yenyewe: baadhi zina priamplifaya ndani na kijiswichi cha PHONO (sauti ghafi ya katriji) na LINE (iliyokwisha kurekebishwa na kukuzwa). Ikiwa unaingia AUX, kijiswichi kiwe LINE. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Dalili: sauti ndogo lakini imekamilika, na nyuma yake kuna shhh

Hii ni tofauti na ile ya kwanza, na sikio likizoea halikosei. Besi ipo, sauti za juu zipo, mwimbaji yuko katikati, lakini yote yako mbali. Ukipandisha voliyumu upate kusikia, unapandisha na mshindo kama mchanga unaomiminwa kwenye karatasi. Hiyo ni MC iliyoingia tundu la MM. Marekebisho yamefanyika sawa, ukuzaji ndio haukutosha. Milivolti 0.3 mara 100 ni milivolti 30, na amplifaya inataka karibu mara kumi ya hizo ili ipumue.

Amplifaya nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 zina kitufe kidogo cha MM na MC, mbele au nyuma. Kibonyeze kiwe MC. Kama hakipo, una njia mbili. Moja ni priamplifaya yenye upande wa MC. Nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kama mfuko unaruhusu, ni transfoma ya kukuzia. Haihitaji umeme, na ikiwa nzuri haina mshindo wake wa kusikika.

Hesabu yake ni nyepesi lakini ina mtego. Transfoma ya 1 kwa 10 huigeuza milivolti 0.3 kuwa 3, na hiyo unaipeleka tundu la kawaida la MM. Mtego ni mzigo, yaani ukinzani ambao katriji hukutana nao mbele yake. Tundu la MM lina ukinzani wa omu 47,000, na transfoma huurudisha kwa katriji ukiwa umegawanywa kwa mraba wa uwiano wake. Kumi mara kumi ni mia, kwa hiyo katriji huona omu 470. Kwa DL-103 yenye omu 40 hapo ni pazuri, kwa sababu kanuni ya mafundi ni mzigo wa kama mara kumi ya ukinzani wa katriji. Ukichukua transfoma ya 1 kwa 20 ukidhani kubwa ndiyo bora, katriji huona omu 117 hivi. Sauti itakuwa kubwa zaidi, lakini itaanza kufungika. Na usiichomeke transfoma kwenye tundu la MC. Utakuza mara mbili, urudi kwangu na dalili inayofuata.

Dalili: sauti kubwa mno, inapasuka, au besi imejaa chumba

Hapa ndipo spika hufa, kwa hiyo shusha voliyumu kabla ya kujaribu lolote. Sababu ziko kadhaa, na kila moja ina ladha yake.

Ikiwa sauti imejaa besi nzito kama maji ndani ya pipa, sauti za juu zimezama, na voliyumu ikiguswa tu inanguruma, basi marekebisho yamefanywa mara mbili. Pleya ina priamplifaya yake, kijiswichi kiko LINE, nawe umeingia PHONO. Chagua mmoja, pleya au amplifaya, afanye kazi hiyo. Ushauri wangu: jaribu zote mbili kwa santuri moja unayoijua kwa moyo, kisha ubaki na iliyo tulivu zaidi sauti inaponyamaza kati ya nyimbo.

Ikiwa inapasuka na wakati huohuo imefubaa, tazama kile kitufe cha MM na MC. Mtoto amekibonyeza, au aliyekuuzia alikiacha hivyo. Katriji ya milivolti 5 ikikuzwa mara 1,000 inadai volti 5, ambazo priamplifaya nyingi hushindwa kuzitoa bila kupasua vilele vya muziki. Na mzigo wa MC ni kama omu 100 tu, wakati koili ya MM peke yake ina mamia ya omu, kwa hiyo sauti za juu hunyongwa palepale. Rudisha MM.

Ikiwa ni MM kwenye MM na bado vilele vinapasuka, hasa mwimbaji anapopaza, uliza kama katriji ni ya madijei. Shure M44-7, ambayo ilipendwa sana kabla kampuni haijaacha kutengeneza katriji mwaka 2018, hutoa milivolti 9.5. Baadhi ya priamplifaya za bei nafuu hazina nafasi ya kubeba hizo. Badilisha priamplifaya, au weka katriji ya utulivu zaidi nyumbani na ile uiachie harusi.

Halafu kuna serami ya bi mkubwa wetu. Serami hutoa mamia ya milivolti, kwa hiyo tundu la PHONO huzama palepale. Isitoshe, kwa maumbile yake serami hujirekebisha karibu na kipimo cha RIAA bila msaada, kwa sababu hufuata sindano imesogea umbali gani, wakati katriji za sumaku hufuata imesogea kwa kasi gani. Ukiiingiza PHONO inarekebishwa tena. Kwa hiyo nikaihamisha kwenye AUX. Kupasuka kukakoma mara moja, lakini besi ikapotea.

Mjukuu akaniangalia kama aliyedanganywa. Sababu ni mzigo tena. Serami ni kama kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi chaji), na kapasita ndogo ikikutana na tundu la omu 47,000 hupitisha sauti za juu peke yake. Chukua yenye pikofaradi 500 (pikofaradi ni kipimo cha kapasita): kwenye mzigo huo besi huanza kuanguka tangu hezi 6,800 kushuka chini, yaani karibu muziki wote. Inataka kuona omu milioni 1 au zaidi, kama ilivyokuwa kwenye redio-gramofoni yake ya zamani yenye valvu. Nilimtengenezea kijisanduku cha betri ya volti 9, transista moja ya FET kwa kila upande, na rezista ya omu milioni 2.2 mlangoni. Hakikuzi chochote, kazi yake ni kuipokea serami kwa upole na kuikabidhi AUX. Niliponyanyua mkono wa pleya na kuuweka kwenye santuri, yule bibi hakusema neno. Alivuta kiti karibu na spika akaketi, na mjukuu akaondoka taratibu kwenda kuteleka chai.

Sikumshauri anunue katriji ya MM, na hili watu huniuliza. Mkono wa redio-gramofoni umetengenezwa kukanyaga kwa gramu 4 na zaidi. Katriji nyingi za MM za nyumbani zinataka kama gramu 2. Ukiipachika pale utaivunja miguu.

Dalili: «s» zinachoma masikio, fidla inakwaruza

Hii ndiyo dalili inayowachosha zaidi wapenzi wa taarabu, na ndiyo iliyonichukua mimi mwenyewe miezi kuielewa. Kila kitu kiko mahali pake. MM iko kwenye MM, sauti ina ukubwa wa kawaida, besi ipo. Lakini mwimbaji akitamka neno lenye s unakunja uso, na tashkota, ile ala ya nyuzi, inalia kama kijiko kinachokwangua sufuria. Unaosha santuri, unanunua sindano. Iko vilevile.

Chanzo ni kapasitansi, yaani ule uwezo wa waya na tundu kuhifadhi chaji kidogo. Koili ya MM ina induktansi kubwa, yaani tabia ya koili kupinga umeme unaobadilika haraka, na induktansi ikikutana na kapasitansi huwa na sauti moja zinayoipenda, ambayo huivimbisha. Kadiri kapasitansi inavyoongezeka, uvimbe huo hushuka kutoka juu ambako sikio halifiki mpaka katikati ya sauti za fidla na s.

Nikupe mfano wa nyumbani kwangu. Katriji yangu ni Audio-Technica AT-VM95E: milivolti 4, induktansi ya milihenri 550, na mtengenezaji anataka pikofaradi 100 hadi 200 kwa jumla. Kwa jumla, sisitiza hapo. Nilikuwa na waya mnene wa mita 1.5 ambao niliununua kwa sababu ulionekana wa maana. Nilipoupima kwa mita yenye kipimo cha kapasita, ulikuwa na pikofaradi 190. Ndani ya priamplifaya, mlangoni, palikuwa na kapasita ya 220. Mkono wa pleya ukaongeza kama 20. Jumla 430. Hesabu inasema uvimbe uko karibu na hezi 10,000, na hapo ndipo s za Kiswahili zinapoishi.

Nilitafuta waya mfupi wa sentimita 60 wenye pikofaradi 40, nikaing'oa ile kapasita ya 220 na kulehemu ya 47 mahali pake. Jumla ikawa 107, na uvimbe ukapanda kupita hezi 20,000. Usiku huo nilisikiliza mpaka jirani akagonga ukuta. Sindano ilikuwa ileile niliyokuwa nikiilaani.

Kwako wewe: tafuta katriji inataka pikofaradi ngapi. Ortofon 2M Red, kwa mfano, inataka 150 hadi 300, kwa hiyo ile jumla iliyoiponya yangu ingekuwa pungufu kwake. Kadiria waya kuwa pikofaradi 100 kwa kila mita kama huna mita ya kupimia. Zipo zenye nusu ya hiyo na zipo zinazozidi. Soma kwenye kitabu cha amplifaya tundu lake lina ngapi. Jumlisha. Ikizidi, dawa ya kwanza na ya bei nafuu ni kufupisha waya. Ikipungua mno, sauti za juu hunyong'onyea kidogo, na hapo kapasita ndogo mlangoni hurekebisha.

Kwa MC za kawaida usihangaike na hesabu hii. Induktansi yake ni ndogo mno, pikofaradi chache haziisumbui. Yenyewe husumbuliwa na omu: mzigo mkubwa mno, sauti inakuwa kali na ya wasiwasi, mdogo mno, inapoa na kupoteza nguvu. Kama priamplifaya yako ina vijiswichi vya mzigo, anza na omu 100 kisha upande kidogo kidogo huku ukisikiliza santuri ileile.

Dalili: mvumo

Umeme wetu ni wa hezi 50, na tundu la PHONO huinua sauti ya hezi 50 kama mara 7 kuliko ile ya katikati. Ndiyo maana mvumo ambao hauusikii kwenye CD unakufuata kwenye santuri. Kwa MC ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukuzaji ni mara kumi ya MM.

Chomoa jeki za pleya kwenye amplifaya, voliyumu ikiwa chini, kisha pandisha taratibu. Mvumo ukikoma, chanzo kiko upande wa pleya au waya zake. Tafuta ule waya mwembamba wa athi (earth) unaotoka pleya wenye ncha ya uma, uufunge kwenye skrubu ya GND nyuma ya amplifaya. Mara nyingi umening'inia hewani tangu siku ya kuhama nyumba. Ukiwa umefungwa tayari na mvumo upo, ufungue ujaribu bila. Pleya nyingine zimeshaungwa athi kwa njia ya jeki, na njia mbili zikikutana huzunguka kama pete na kuvuma.

Kisha sogeza vitu. Transfoma ya amplifaya isikae ubavuni mwa katriji. Katriji za Grado hazina kinga ya kutosha dhidi ya sumaku za jirani na kwenye baadhi ya pleya huvuma mkono unapokaribia mota. Ukisikia mlio mkali wa zzz badala ya mvumo mzito, zima feni ya dari yenye rigyuleta, taa za kubana umeme na chaja za simu, moja baada ya nyingine. Kwangu mkosaji alikuwa feni.

Jambo moja silikubali kwa hali yoyote: kukata athi ya plagi ya ukutani ili kunyamazisha mvumo. Mvumo hauui mtu.

Dalili: upande mmoja kimya, au mwimbaji hana mahali

Nyuma ya katriji kuna pini nne. Nyeupe ni kushoto, bluu ni athi ya kushoto, nyekundu ni kulia, kijani ni athi ya kulia. Ikiwa upande mmoja umegeuzwa, nyeupe na bluu zikabadilishana, spika zote zitalia lakini besi itakonda na mwimbaji atatawanyika kuta zote badala ya kusimama katikati. Zirudishe kwa koleo yenye ncha nyembamba, ukishika kile kifuko cha pini, sio waya, maana unakatika kama uzi wa buibui.

Upande ukiwa kimya, badilishana jeki za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Ukimya ukihama upande, chanzo kiko kwenye pleya. Ukibaki palepale, amplifaya ndiyo mgonjwa.

Na hapa mji wetu una mchango wake. Hewa ya chumvi haimwachi mtu, na mimi naishi mahali ambapo upepo wa kusi unaingia sebuleni bila kubisha. Vua kile kichwa kinachoshikilia katriji, kama mkono wako ni wa kuvuliwa, utazame nyuma yake vile vitone vinne vya shaba. Vinapaswa kung'aa. Mara nyingi nakuta vimevaa ukungu wa kijani, na katikati ya kila kitone kijishimo cheusi ambapo pini ya mkono hugusa. Milivolti 4 zinaweza kujipenyeza hapo kwa shida, milivolti 0.3 zinakwama. Chovya pamba kwenye spiriti safi ya fundi, uizungushe kwenye kijiti cha meno, usugue kila kitone mpaka pamba itoke nyeupe, kisha fanya vivyo hivyo kwa pini za upande wa mkono na kwa ncha za jeki nyuma ya amplifaya. Acha vikauke dakika chache kabla ya kuwasha.

Santuri nzito za 78

Nitasema machache, kwa kuwa ni somo lake. Kama nyumbani kuna zile santuri nzito za 78 zinazovunjika kama kigae, usiziweke chini ya sindano ya santuri za kawaida. Mifereji yake ni mipana. Inataka sindano ya kama mikromita 65 hadi 75, wakati ya kawaida ya duara ni kama 18, na hiyo ndogo huburuza chini ya mfereji ikichota vumbi na kelele. Nyingi pia zilichongwa kabla ya kipimo cha RIAA, kwa hiyo hata kwenye tundu sahihi zitasikika zimefunikwa. Katriji za MM zenye sindano ya kuvutika zina faida kubwa hapa. AT-VM95E hukubali sindano ya 78 ya mtengenezaji huyohuyo. Unavuta ile ya kawaida, unaingiza hii, unarekebisha uzito wa mkono, na vifundo vya amplifaya vya besi na sauti za juu vinamaliza kazi. Ukimaliza, rudisha sindano ya kawaida hapohapo kabla hujainuka kitini, maana ukiisahau utaweka santuri ya kawaida na sauti itatoka imefifia, nawe utaanza tena kutafuta ugonjwa usiokuwepo.